Kamati ya Dada Yangu

Kwa miaka sita niliyokaa Nairobi kabla ya mambo haya, nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ndiyo iliyoandikwa kwenye kibali changu: kusoma prufu za vitabu vya Kiswahili vya shule, katika ofisi ya ghorofa ya nne katikati ya jiji, jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijaajiriwa na hadi leo hakuna aliyeizika. Ya pili haikuwa na kibali wala mshahara. Nilikuwa mwandishi wa habari wa dada yangu.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, nje kidogo ya Arusha. Ni mdogo wangu kwa miaka minne, lakini tangu mama afariki alijipa cheo cha kunisimamia, na mimi sikukataa kwa sababu ni uvivu wangu kukataa vitu. Kila jioni nikifika nyumbani mtaa wa Satellite, huko Riruta, nikishavua viatu na kubandika chai, nilikuwa namrekodia ujumbe wa sauti. Nilianza kwa kukohoa kidogo, kama watangazaji wa redio tuliowasikiliza utotoni, kisha nikamsomea taarifa ya habari ya vituko vya Wakenya.

Vituko havikunipungukia hata siku moja. Nilimsimulia kuhusu waheshimiwa wanaokwenda kanisani Jumapili kutukanana, mbele ya madhabahu, huku kwaya ikisubiri zamu yake. Nilimsimulia kuhusu jirani wa mlango wa mbele, karani wa wizara na mzee wa kanisa, mtu wa kutoka Ukambani anayeheshimika ngazi zote, ambaye kila mwisho wa mwezi husimama kwenye korido na karatasi yake ya mshahara akitusomea makato. Kato la nyumba asiyoijua itajengwa wapi. Kato la hospitali ambayo akienda anaambiwa mtambo umegoma. Alisoma kwa sauti ileile anayosomea Zaburi, na sisi wapangaji tukaitikia kwa kuguna.

Nilimsimulia pia siku za maandamano. Siku moja gesi ya kutoa machozi ilipanda ngazi zote nne, maana gesi haihitaji lifti, ikanikuta mezani nikisoma prufu ya darasa la nne, sura ya usafi wa mazingira. Sentensi niliyokuwa naisahihisha ilisema kwamba hewa safi ni haki ya kila mtoto. Niliisahihisha nikilia. Chini barabarani wenye maduka walikuwa wameshusha milango ya chuma hadi usawa wa kiuno, wala si kufunga kabisa, kwa sababu Mkenya hafungi duka kwa jambo dogo kama mapinduzi. Nilimwona mteja akiinama kuingia, akakaa ndani dakika mbili, akainama tena kutoka na chaja ya simu mkononi, akajifunika pua kwa fulana akakimbia.

Kulikuwa na siku ambazo sikutuma kitu, siku ambazo watu walienda mjini na hawakurudi, kwa sababu hata mimi nina haya. Lakini haya zangu zilidumu siku mbili tatu, kisha nikarudi hewani.

Kwa kweli nilijiona. Nilijiona mtu mzima kati ya watoto wanaogombania mpira. Kwetu, nilikuwa namwambia dada yangu, mtu akiikasirikia serikali anakwenda kulala, na akiamka hasira imeisha au yeye ameizoea. Dada yangu alikuwa akinijibu kwa kicheko kirefu, kisha maneno yaleyale kila siku: "Huku kwema, Kaka. Tunachapa kazi." Sikuwahi kuuliza zaidi ya hapo. Nilichukulia kwamba mahali pasipo na habari ni mahali penye raha, na mimi nilikuwa na habari nyingi za kusema.

Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi wa Kikuyu ambaye sote tulimwita Shosho, yaani bibi kwa lugha yao, hata Mzee, yule jirani wa makato, aliyekaribia umri wake. Baba yake alikuwa na shamba pale Riruta kabla mji haujafika, na mji ulipofika, Shosho aliupokea kwa ghorofa tano za kupangisha, lakini ng'ombe wake mmoja hakumuuza. Alikuwa zizini nyuma ya jengo, chini ya kamba za nguo, na mashuka yetu yalikuwa na harufu yake. Shosho aliniita Mtanzania. Mzee aliniita Mwalimu, kwa imani kwamba kila Mtanzania anayevaa miwani ni mwalimu, na mimi sikumsahihisha maana nilikuwa nimechoka kusahihisha kazini.

Jambo lililonichekesha kuliko yote lilikuwa kamati. Sijaona watu wanaopenda kamati kama hawa. Mtoto akizaliwa, kamati. Mtu akitaka kuoa, kamati. Akifa, kamati tatu, moja ya mjini, moja ya ukoo, moja ya kanisa, na zote zinagombana. Pampu ya maji ya jengo letu ilipoharibika, nilidhani Shosho atamwita fundi. Aliitisha mkutano. Tulifungua kwa sala, tukachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tukasoma ajenda ambayo ilikuwa neno moja, pampu, tukajadili saa moja na nusu, na mwishoni tukakubaliana kumwita fundi. Nilimrekodia dada yangu mkutano mzima kwa kuiga sauti. Nilimwambia hawa watu hata ufunguo ukiwapotea, kabla ya kuutafuta wanachagua mwenyekiti.

Mzee alikuwa na swali lake ambalo hakuchoka kuliuliza. Kila nilipomcheka kuhusu siasa za kwao, aliuliza, "Na kwenu, Mwalimu, watu wakikasirika wanado nini?" Nikamjibu kwamba sisi tuna amani. Aliniangalia kama anavyoangalia fomu iliyojazwa nusu. Kisha akaingia kwake.

Kisha uchaguzi ukafika, na haukuwa wa kwao. Ulikuwa wa kwetu.

Dada yangu alichaguliwa kuwa karani wa kituo cha kupigia kura, kama walimu wengi wanavyochaguliwa. Alifurahi kwa posho na kwa kukaa siku nzima bila kelele za watoto. Asubuhi ya siku yenyewe aliniandikia kwamba yuko kituoni, tutaongea jioni. Nilimjibu kwa mzaha fulani ambao siukumbuki, na nashukuru kwamba siukumbuki. Mzaha ule haukumfikia. Kwenye simu yangu ilibaki alama moja ya kijivu, na ya pili haikuja.

Jioni ile nilisema ni mtandao. Na kweli ulikuwa mtandao, ulikuwa umezimwa. Kesho yake nikapiga simu ya kawaida, yule mwanamke wa kwenye mtambo akaniambia kwamba ninayempigia hapatikani. Nikapiga tena baada ya dakika kumi, halafu baada ya tano, hadi ikawa ninajua mahali anapovuta pumzi kabla ya kusema samahani.

Ajabu ni kwamba Nairobi nzima ilikuwa na habari za kwetu kuliko mimi. Mlinzi wa jengo letu la ofisi, ambaye kwa miaka sita tulisalimiana kwa niaje tu, alinishika mkono akaniambia pole. Mwuza mayai ya kuchemsha wa kona alinipa yai na hakutaka nimlipe. Watu walinionyesha video kwenye simu zao na kuniuliza hapa ni wapi, na mimi nikaangalia barabara zenye moshi nikasema sijui. Nyingine huenda zilikuwa za uongo, nyingine huenda hazikuwa za kwetu kabisa. Sikuwa na njia ya kujua. Siku ya pili ya hayo bado nilimwambia mlinzi kwamba kwetu kuna amani, nikajisikia nikisema, na yeye kwa adabu akatazama pembeni.

Kulikuwa na uchungu mwingine mdogo ambao naona aibu kuutaja lakini nautaja. Nilikasirika kuonewa huruma na watu niliokuwa nawahurumia mimi.

Jumapili, siku ya tano, sikutoka kitandani hadi mchana. Mama, mke wa Mzee, anayeuza mapazia ya mitumba soko la Kawangware na ambaye sauti yake inafahamika hadi mtaa wa Kabiria, aligonga mlango akaniambia nishuke, nasubiriwa nyuma. Hakusema na nani wala kwa nini. Nikavaa shati nikashuka.

Nyuma ya jengo, kando ya zizi, kulikuwa na hema. Hema la bluu na nyeupe, lile la kukodi, na chini yake viti vya plastiki vimepangwa kwa safu, na juu ya viti watu wamekaa wakiwa bado na nguo za kanisani. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa na leso mkononi.

Kwa miaka sita nilikuwa nimeona mahema ya namna ile yakisimamishwa Satellite na Kabiria, na nilijua ni ya nini. Niliketi palepale kwenye ngazi ya mwisho, juu ya simenti, nikasema, "Nani amewaambia?" Nilisema mara mbili. Niliona kwamba wao wamepata habari kabla yangu, kama walivyopata nyingine zote, na wamesubiri Jumapili ili waniambie kwa utaratibu.

Mzee alikuja akachuchumaa mbele yangu. Hakuelewa kwanza. Alipoelewa alishtuka hadi kofia ikamwanguka. "Zii, Mwalimu. Zii. Hakuna kitu tumesikia," alisema. "Hiyo tent ni ya jua tu."

Ilikuwa ya jua tu. Kanisa lilikuwa na hema la akiba, Shosho ana ngozi isiyopenda jua, na hakuna hata mmoja kati ya watu ishirini na wawili aliyefikiria ingeonekanaje. Nilisimama nikawatukana. Nasema ukweli, niliwatukana kwa Kiswahili kizuri kabisa, chenye upatanisho wote wa sarufi, nikawaambia dada yangu hajafa na wao ni watu wa kupenda matanga, wanaona msiba hata pasipo na maiti. Ng'ombe tu ndiye aliyeendelea kutafuna. Nilipoishiwa na pumzi, Shosho akasema, "Umemaliza? Kaa basi. Tufungue na maombi."

Nikakaa. Ningefanya nini.

Wakaomba. Wakachagua mwenyekiti, akawa Mzee. Wakachagua katibu, akawa Mama, ambaye tayari alikuwa na daftari la mistari na kalamu sikioni. Walipofika kwa mweka hazina wakakwama, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuchangia. Si jeneza, si gari, si bili ya hospitali. Mzee alikiri mbele ya wote kwamba kamati isiyo na mweka hazina hajawahi kuiona tangu azaliwe, na kwa muda mfupi niliona kwamba huenda watavunja mkutano kwa kukosa mazoea. Shosho ndiye aliyeamua kwamba kiti kiachwe wazi na tuendelee.

Kisha Mama akaniomba picha ya dada yangu, iwekwe kwenye grupu la kamati. Nikamwambia zinazowekwa hivyo ni picha za marehemu. Akasema si lazima, ni ili watu wamjue. Nikafungua simu nikatafuta. Nilikuwa na picha za maandamano, za bango la barabarani lililokosewa herufi, za ng'ombe wa Shosho amelala juu ya shuka langu. Za dada yangu nilikuwa na moja, ya msiba wa mama yetu, na humo ameinamisha uso.

Mama aliipokea hivyohivyo. Aliendelea na daftari. Kaka yake, akaeleza, ni dereva wa lori la vitunguu, na wakati ule alikuwa amekwama Namanga kwenye foleni upande wa Kenya, akisubiri njia itulie avuke kwenda kupakia. Nairobi nzima inapika kwa vitunguu vya kwetu, jambo ambalo sikulijua, na bei ilikuwa imeanza kupanda sokoni. Njia ikifunguka tu, yeye atapita Arusha. Kwa hiyo kamati ilihitaji kumpa maelezo ya kutosha ili amtafute mtu.

"Sista yako anaishi wapi?" aliuliza Mama.

Nilimtajia mtaa. Kisha nikakumbuka kwamba alihama mwaka uliopita. Mama akauliza alihamia wapi. Sikujua. Akauliza kama anaishi peke yake, nikasema nadhani. Akauliza rafiki yake ni nani pale shuleni, kituo chenyewe cha kura kilikuwa wapi, anasali kanisa gani, jirani yake anaitwa nani. Jina la shule nililijua, na hilo ndilo pekee lililoandikwa kwenye daftari. Mistari mingine ilibaki mitupu.

Shosho alikuwa akinitazama kwa makini, si kwa ubaya. "Na si huwa tunakusikia ukiongea na yeye kila jioni?" alisema. "Kwani huwa mnaongea nini?"

Nikasema huwa tunaongea habari za Kenya. Watu wengine walicheka kidogo, na mimi nilitamani wacheke zaidi ili niwe na sababu ya kukasirika tena.

Baada ya hapo kamati ilikutana kila siku saa kumi na moja jioni, bila hema. Sikuwa naamini itasaidia lakini nilishuka kila siku, kwa sababu juu kulikuwa na simu peke yake. Tulikunywa chai ya maziwa ya ng'ombe wa zizini. Mwenyekiti alisoma ajenda, katibu akatoa ripoti, na ripoti ilikuwa neno moja, Namanga, na neno la pili, bado. Kisha watu wakabaki wakizungumza. Mzee alisoma makato yake. Mama alilalamika kwamba wateja wa mapazia wamekuwa wa kushika kitambaa na kukirudisha. Mtu fulani alitukana mheshimiwa fulani kwa jina, kwa sauti, na dirisha la jirani wazi, na kwa mara ya kwanza sikuwaza jinsi nitakavyoliiga jambo lile. Nilimwangalia tu mdomo wake. Niliwaza kwamba anasema jambo hilo bila kugeuka nyuma kuona nani anasikia, na sikukumbuka mara ya mwisho mimi kufanya hivyo katika nchi yangu.

Siku ya tatu ya kamati njia ilifunguka na lori likavuka. Ya nne, dereva alituma neno kwamba amefika shuleni, amekuta geti limefungwa, akamwachia mlinzi karatasi yenye jina langu na namba yangu. Mlinzi hakutaka kusema kama anamfahamu mwalimu huyo au hamfahamu. Alichukua karatasi akaiweka mfukoni. Mama alitusomea hayo, na mjadala wa kama mlinzi mwenye kuweka karatasi mfukoni ni ishara njema au mbaya ulichukua dakika arobaini, na ulifungwa kwa kupiga kura. Njema ilishinda.

Ya tano simu yangu iliita tukiwa tumeshika vikombe. Ilikuwa namba yake.

Niliitazama tu ikiita. Mzee alininyang'anya simu, akabonyeza sauti ya wazi, akaiweka juu ya kiti cha mweka hazina katikati yetu. Dada yangu akasema, "Kaka? Sisi wazima. Tuko salama kabisa. Tunachapa kazi." Watu walipiga makofi. Mwanamke wa ghorofa ya pili alilia ndani ya leso yake kwa ukamilifu, kama aliyekuwa akiisubiri nafasi. Dada yangu akauliza hao ni nani. Shosho akainama juu ya simu akamwambia, "Sisi ni kamati yako. Umekula?" Nikasikia kile kicheko chake, kifupi kuliko zamani lakini chake. Mimi nililia bila leso.

Nilichukua simu nikaenda nayo nyuma ya zizi, nikazima sauti ya wazi. Nilimwomba radhi, sijui ya nini hasa, nilianza tu kuomba. Akanikatisha kwa sauti ya chini.

"Rekodi zako zote nilizifuta, Kaka. Watu walisema simu zinakaguliwa njiani. Sijui kama ni kweli. Nilizifuta tu."

Nikamwambia zile zilikuwa upuuzi wangu, habari za makato na ng'ombe. Akasema anajua. Akasema zilikuwa na mtu anayesema chochote anachotaka, na ndiyo maana alizisikiliza, na ndiyo maana alizifuta. Kisha nikasikia mlango ukifungwa upande wake, na aliporudi alikuwa ananong'ona. Kulikuwa na mwalimu mwenzake, walikaa meza moja pale kituoni tangu asubuhi. Alasiri yule mwenzake alitoka kwenda kumtazama mwanawe nyumbani. Hajarudi. Simu yake haipatikani, na mtoto yuko kwa dada yangu, anakula vizuri na hasemi.

Nikamuuliza kama amemuulizia mahali popote.

"Nimuulize nani, Kaka?" alisema. "Wewe ndiye uko huko. Huko watu wanauliza."

Sikumjibu kwa mzaha na sikumjibu kwa hotuba. Nilimuuliza jina kamili la mwenzake. Nilimuuliza umri, alivaa nini siku ile, anakaa mtaa gani, nyumba ya namna gani, jirani yake ni nani. Nilimuuliza na yeye anapokaa, na mtoto anaitwa nani. Alinijibu moja moja kwa kunong'ona, na nilipokosa karatasi niliandika kiganjani, nilipokosa nafasi kiganjani nikaandika kwenye mkono hadi kiwiko. Katikati ya jibu akapaza sauti ghafla akasema huku kwema, tunachapa kazi, asante sana, akakata. Kuna mtu alikuwa amepita. Nilibaki nimesimama pale nikiwa na simu, na nikaona ni mara ngapi nimeyasikia maneno yale nikaenda kumimina chai yangu.

Niliporudi, mwenyekiti alikuwa amefika ajenda ya mwisho. Kamati ikimaliza kazi huvunjwa rasmi, kwa shukrani na sala, na hakuna Mkenya anayeacha kamati ikae bila kuvunjwa. Mzee alikuwa amesimama na kofia mkononi. Alisema Mungu ametenda, kazi imekamilika, anaomba mtu wa kupendekeza kwamba kamati ivunjwe na mtu wa kuunga mkono. Mama alikuwa ameshafunika daftari. Shosho alikuwa ameinua mkono wake nusu.

Nilisema isivunjwe.

Wote walinigeukia. Mzee akauliza kwa upole kama nina hoja, kwa kuwa kwa utaratibu ilibidi iwe hoja. Nikasema ninayo. Mkono wangu ulikuwa umejaa wino, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, hadi mtu wa ghorofa ya tatu akafungua dirisha. Sikugeuka kumwangalia.

Mama alifungua daftari ukurasa mpya. Aliniomba nilitaje jina polepole, nikalitaja, akaliandika juu kabisa akalipigia mstari. Kisha akauliza anaishi wapi, na mimi nikakunja mkono wa shati nikamsomea.